Rimoti ya babu yapata moyo mpya: Mzazi, haya uyajue kabla mtoto hajaifungua

Fikiria nyumba moja ya kawaida kwenye kitongoji cha jiji huko Uingereza. Mama anasafisha dari, binti yake wa miaka 11 anapokea maboksi chini ya ngazi. Kwenye boksi moja, ndani ya taulo kuukuu, kuna chombo cha bati kizito kama tofali dogo. Kina vijiti viwili, kimshale cha kuonyesha chaji na antena ndefu ya kuvuta. Ni rimoti ambayo babu aliitumia kurushia ndege zake ndogo miaka ya 1970.

Babu yuko hai. Anakaa chini, macho yamepungua nguvu, na anataka jambo moja tu: isitupwe. Binti naye anataka jambo moja: arushe nayo ndege Jumapili. Mama amebaki katikati na swali ambalo familia nyingi za Ulaya na Marekani hukutana nalo zinapofungua maboksi ya wazee: kifaa hiki kinaweza kufanya kazi tena, na je, ni salama mtoto akiguse?

Familia hiyo ni ya mfano tu, lakini maswali yake ni ya kweli na yana majibu. Wapo watu wengi katika nchi hizo ambao mwishoni mwa wiki huchukua rimoti za aina hiyo, wakaziacha sura yake ya zamani, kisha wakazitia umeme mpya ndani. Kazi hiyo inamfundisha mtoto hesabu, umeme na subira kuliko saa nyingi za kutazama video. Hata hivyo, ndani ya boksi hilo mna sumu, moto na majeraha ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kutafuta bisibisi.

Ilikotoka

Kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio si jambo la jana. Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, boti ndogo iliyotii amri bila kuguswa. Mwaka 1937 ndugu wawili mapacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege ndogo waliyoiita Guff wakiiongoza kwa redio. Leo ndege hiyo imehifadhiwa na taasisi ya makumbusho ya Smithsonian.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mchezo huo uliingia majumbani. Rimoti za mwanzo zilitumia taa za redio za kioo, zikihitaji betri za volti nyingi, na nyingine zilikuwa kubwa kiasi cha kuwekwa chini kwenye nyasi huku mrushaji ameshika kitufe chenye waya. Kitufe kilikuwa kimoja tu. Ukikibonyeza mara moja na kukishikilia, ndege inakata kulia. Ukibonyeza mara mbili, inakata kushoto. Ndani ya ndege, nguvu ya kusukuma usukani ilitoka kwenye mpira uliosokotwa, kama ule wa manati.

Miaka ya 1960 ikaleta mapinduzi. Zilitokea rimoti ambazo usukani wa ndege ulifuata kijiti kidogo kidogo: ukikisogeza robo, nao unasogea robo. Kampuni kama Kraft ya California zilijipatia jina kwa kazi hiyo, na Heathkit ikawauzia watu vipande ili wajiunganishie wenyewe mezani. Rimoti ya babu kwenye mfano wetu ni ya kizazi hicho.

Lugha ambayo rimoti hizo zilitumia haijafa, na ndiyo siri ya kuzifufua. Kila kijiti hugeuzwa kuwa mpigo mfupi wa umeme wa kati ya milisekunde 1 na 2. Kijiti kikiwa katikati, mpigo huwa wa milisekunde 1.5. Mipigo ya vijiti vyote hupangwa kwenye foleni na kutumwa upya takribani mara 50 kila sekunde. Mota ndogo za servo zinazouzwa leo bado zinaielewa lugha hiyo.

Kwa nini isitumike ilivyo

Mtu anaweza kuuliza: kama lugha ni ileile, si utie betri mpya na kurusha?

Tatizo la kwanza ni mawimbi. Rimoti nyingi za zamani zilitumia megahezi 27, ambayo pia ilijaa watu wa redio za madereva. Baadaye ndege zilipewa megahezi 72 Marekani, na megahezi 35 Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya. Hata hapo, watu wawili wakiwasha rimoti za chaneli moja kwa wakati mmoja, ndege iliyo angani hupoteza usukani na kuanguka. Ndiyo maana viwanja vilikuwa na ubao wenye vibanio vya namba: huna kibanio, usiwashe.

Tatizo la pili ni umri. Betri zimekufa, nyaya zimeoza ndani ya ngozi yake ya plastiki, na vipande vya redio vimehama kidogo kutoka kwenye kipimo chake. Rimoti inaweza kuwaka vizuri mezani, kisha ikanyamaza ndege ikiwa mita 200 juu ya vichwa vya watu.

Katikati ya miaka ya 2000 zikaingia sokoni rimoti za gigahezi 2.4. Hizi humpa kila mrushaji utambulisho wake. Kipokezi cha ndege hufungwa na rimoti moja na kuzipuuza nyingine. Watu wengi wanaweza kurusha pamoja bila ubao wa vibanio. Antena nayo ikafupika. Kwa megahezi 72, robo ya urefu wa wimbi ni kama mita moja, ndiyo sababu ya ule mkia wa kuvuta. Kwa gigahezi 2.4, robo hiyo ni kama sentimita 3 tu, fupi kuliko kidole cha mtoto.

Kwa hiyo wanaozifufua hufanya kama fundi anayetia injini mpya kwenye gari la zamani: bodi inabaki, moyo unabadilishwa.

Anza na betri, tena kwa glavu

Kabla ya bisibisi, mzazi afungue mlango wa betri akiwa peke yake, mtoto akiwa mbali. Rimoti za miaka ya 1970 na 1980 zilitumia zaidi betri za nikeli na kadimiamu, kwa kawaida 8 zilizofungwa pamoja, kila moja ikiwa na volti 1.2, jumla volti 9.6.

Betri hizo zikizeeka huvuja. Unachokiona ni unga mweupe, wakati mwingine wenye rangi ya kijani au bluu pale ulipokula shaba. Majimaji ya ndani ni potasiamu haidroksaidi, jamii moja na kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Hula ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kuharibu uwezo wa kuona. Vaa glavu na miwani ya kazi. Unga ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kusita, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Kadimiamu yenyewe ni sumu. Ikiingia mwilini hukaa muda mrefu, huumiza figo na mifupa, na imeorodheshwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2006 ya kubana matumizi yake kwenye betri ndogo. Usiipasue betri ya aina hiyo, usiichome moto pamoja na takataka na usiifukie shambani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki na kuipeleka panapopokelewa taka za betri.

Kuna ugonjwa mwingine ambao mafundi wa rimoti wanaujua vizuri: waya mweusi. Sumu ya betri iliyovuja hutambaa ndani ya waya wa hasi, na shaba yake hugeuka kuwa nyeusi na dhaifu. Ukiukuna, haushiki risasi ya kulehemu. Dawa yake ni kuukata na kuweka mpya hadi mwisho wa safari yake. Kuuacha kwa sababu "bado unapitisha" ni kumuwekea mtoto mtego angani.

Zipo pia rimoti za miaka ya 1980 na 1990 zenye kumbukumbu ya ndani, na baadhi yake zina betri ndogo bapa kama kitufe cha shati. Hiyo ndiyo ya kuiogopa zaidi penye mtoto mdogo. Mtoto akiimeza na ikanasa kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2, hata kama haina nguvu tena ya kuwasha kifaa. Ukihisi imemezwa, usimtapishe na usisubiri kuona kama itatoka chooni. Mkimbize hospitali na uwaambie wahudumu kuwa ni betri.

Betri kama hizo zimo pia kwenye rimoti ndogo za midoli, funguo za magari, saa na kadi zinazoimba. Hilo halihusu Ulaya peke yake. Ziko mezani kwenye nyumba nyingi zetu pia.

Moshi, risasi na mikono ya mtoto

Vifaa vyote vya umeme vya miaka hiyo viliunganishwa kwa waya wa risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa ubongo wao bado unakua.

Wazazi wengi huogopa moshi wakidhani ndio unaobeba risasi. Kwa joto la kawaida la pasi ya kulehemu, la nyuzi 350 hivi, risasi haigeuki kuwa mvuke wa kutisha. Moshi ule hutoka kwenye utomvu uliochanganywa na waya huo, na huo unaweza kuamsha au hata kusababisha pumu. Risasi yenyewe hupita njia nyingine: vidoleni, kisha kwenye andazi, kisha mdomoni.

Kinga si ngumu. Fungua madirisha na weka feni ndogo ya kuvuta moshi usipite usoni. Chakula na vikombe visikae kwenye meza ya kazi. Mtoto anapolehemu mwenyewe, mpe waya usio na risasi, na ile miunganisho ya zamani aishughulikie mtu mzima. Mkimaliza, nawa mikono kwa sabuni, ufute meza kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagia vumbi. Mjamzito na watoto wadogo wasikae chumba hicho.

Mtoto akiungua na pasi, weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, siagi wala mafuta.

Swali la babu: itobolewe au isitobolewe?

Hapa ndipo familia nyingi hugombana. Kwa kijana, rimoti ni chombo cha kutumia. Kwa mzee ni kumbukumbu ya mikono yake: alama ya kidole gumba kwenye kijiti, jina lililochongwa kwa msumari nyuma ya bati. Na kwa wakusanyaji, rimoti ya zamani ambayo haijaguswa ina thamani ambayo haiwezi kurudishwa tundu likishatobolewa.

Utaratibu ambao wafufuaji makini hufuata unamaliza ugomvi huo: usifanye chochote kisichoweza kurudishwa. Piga picha kila hatua kabla ya kukata waya. Tumia matundu yaliyopo tu. Bodi ya zamani ikitolewa, iweke kwenye mfuko, andika jina la rimoti na tarehe, ihifadhi. Antena ndefu ibaki mahali pake kama pambo, ikiwa imefungwa. Siku mjukuu mwingine akitaka kuirudisha ilivyokuwa, vipande vyote vipo.

Hii ni kazi nzuri ya mtoto. Yeye ndiye mpiga picha, mwandika lebo na mhesabu skrubu. Kopo la mayai tupu linatosha kuzipanga skrubu kwa zamu zilivyotoka.

Njia tatu za kutia moyo mpya

Njia ya kwanza ni kuacha ubongo wa zamani na kubadilisha sauti tu. Kama bodi inayopanga mipigo bado nzima, sehemu ya redio pekee ndiyo inayotolewa, na mipigo hupelekwa kwenye moduli mpya ya gigahezi 2.4. Tahadhari yake ni volti. Bodi ya zamani inaweza kutoa mipigo ya hadi volti 9 au zaidi, wakati moduli ya kisasa inategemea volti 3.3 au 5. Vizuizi viwili vidogo vya umeme hupunguza volti hizo. Bila hivyo moduli inaungua siku ya kwanza.

Njia ya pili ndiyo inayopendwa na wenye watoto, kwa sababu mtoto huona kila kitu kinavyofanya kazi. Ubongo wa zamani unatolewa, na mahali pake panawekwa bodi ndogo ya Arduino. Mradi wa Arduino ulizaliwa mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, ili kuwarahisishia wanafunzi kazi ya kuprogramu vifaa. Aina ya Pro Mini ina ukubwa wa kama milimita 18 kwa 33, na inaingia kwenye kona yoyote ya rimoti.

Chini ya kila kijiti kuna kifaa kinachofanana na kile cha kuongezea sauti kwenye redio, chenye miguu mitatu. Mguu mmoja wa pembeni huunganishwa na volti 5, wa pembeni mwingine na hasi, wa katikati huingia kwenye Arduino. Kijiti kikisogea, volti ya mguu wa katikati inapanda au kushuka, na Arduino huisoma kama namba kuanzia 0 hadi 1023. Kazi ya programu ni kuigeuza namba hiyo kuwa mpigo wa milisekunde 1 hadi 2.

Hapo ndipo hesabu za darasani zinapopata maana. Kijiti cha zamani hakifiki 0 wala 1023. Pengine kinaanzia 290 na kuishia 760. Mtoto akaandika namba za mwanzo, katikati na mwisho, kisha akapiga hesabu ya uwiano. Namba zikirukaruka kijiti kikiwa kimetulia, kifaa cha chini kimeingia uchafu. Mpulizie dawa ya kusafishia viunganishi, akizungushe mara nyingi, apime tena.

Kwa rimoti za kale zenye kitufe kimoja, Arduino hufanya jambo la kuvutia zaidi. Huhesabu mibonyezo: mmoja wa kushikilia ni kulia, miwili ni kushoto, na mguso wa haraka hubadilisha mwendo wa injini. Ndege imefungwa servo za kisasa, lakini kidole kinacheza mchezo uleule wa miaka ya 1950.

Moduli ya kurushia mawimbi isitengenezwe nyumbani. Inunuliwe iliyokamilika na kuidhinishwa, kwa kuwa mawimbi yana sheria zake kila nchi. Antena yake lazima itokeze nje, maana bati la rimoti huzuia gigahezi 2.4 kama sufuria inavyozuia mtandao wa simu. Mara nyingi tundu la antena ya zamani au la kitufe kisichotumika hutosha. Moduli isiwashwe kamwe bila antena, inaweza kuharibika.

Njia ya tatu ndiyo salama kuliko zote, na wazazi wengi hawaijui: usitie redio kabisa. Rimoti nyingi za kisasa zina tundu la waya wa mafunzo. Mipigo ya rimoti ya babu hupita kwenye waya huo na kuingia kwenye rimoti mpya iliyo mikononi mwa mtu mzima. Mtu mzima akishikilia kitufe, mtoto ndiye anayeendesha. Akikiachia, usukani unarudi kwake papo hapo. Mtoto anashika kitu cha babu, ndege inaongozwa na mawimbi ya kifaa kilichopimwa kiwandani.

Betri mpya nazo zina masharti

Mahali pa betri zilizovuja, wengi huweka betri 8 za kuchajiwa za nikeli na metali haidraidi, za ukubwa wa kawaida wa tochi. Volti ni zilezile 9.6, na hata kimshale cha zamani kinaweza kuendelea kuonyesha chaji.

Wapo wanaopenda betri za lithiamu kwa wepesi wake. Sharti ni moja: zisiguse chaja ya zamani. Chaja ile ilitengenezwa kumwaga umeme kidogo kidogo usiku kucha bila kujua wapi pa kuishia. Seli ya kawaida ya lithiamu hujaa kwenye volti 4.2, ikisukumwa zaidi inavimba na inaweza kulipuka moto. Tumia chaja yake, mbali na mapazia na vitanda, na mtu awepo macho. Betri iliyovimba au kutobolewa isichajiwe tena.

Chaja ya zamani ikatwe plagi na kuwekwa kando, ili asije mtoto akaichomeka kwa kudhani ni ya kifaa kilekile.

Mezani kabla ya uwanjani

Majaribio yote ya nyumbani yafanywe propela ikiwa imetolewa. Mota ya umeme haitoi mlio wa onyo kama injini ya mafuta. Hukaa kimya, na kosa moja kwenye programu linaweza kuizungusha ghafla. Propela ndogo inatosha kukata kidole cha mtoto hadi mfupa. Nywele ndefu zifungwe, na kamba ya kuning'iniza rimoti shingoni isikae karibu na mota.

Kuna vipimo viwili ambavyo rimoti iliyofufuliwa haipaswi kukwepa. Cha kwanza ni kuzima rimoti makusudi, ndege ikiwa imefungwa chini bila propela. Kipokezi kimepangwa vizuri kikirudisha mwendo wa mota hadi sifuri. Kama mota ingeendelea, ndege iliyopoteza mawimbi ingemfuata yeyote aliye mbele yake. Cha pili ni umbali: moduli nyingi zina hali ya kupunguza nguvu kwa ajili ya kipimo, na mrushaji hutembea kama hatua 30 huku mwenzake akitazama kama usukani unatii bila kusita. Rimoti ikishindwa hata mara moja, inarudi mezani.

Sheria nayo ipo. Marekani, ndege au droni ya kuchezea yenye uzito wa kuanzia gramu 250 husajiliwa kwa mamlaka ya anga, na mrushaji hufanya mtihani mfupi wa usalama. Uingereza nayo ina usajili wake. Kwa mzazi wa Tanzania au Kenya anayetamani kujaribu, mamlaka za usafiri wa anga, TCAA na KCAA, ndizo zinazosimamia vyombo visivyo na rubani. Uliza kabla ya kununua. Gari au boti ya rimoti ni mwanzo mzuri zaidi: inapokosea, inagonga ukuta au kusimama majini, haimwangukii mtu.

Nani afanye nini

Mzazi hahitaji kuwa fundi. Anahitaji kugawa kazi kwa umri. Mtoto wa miaka 6 au 7 aweza kupanga skrubu na kuchora ramani ya nyaya kwa rangi, baada ya betri kuondolewa na kifaa kufutwa. Wa miaka 10 na kuendelea, akiwa na miwani na mtu mzima ubavuni, anaweza kulehemu waya mmoja mmoja na kuandika mistari ya programu. Betri zilizovuja, umeme wa ukutani na propela vibaki kwa mtu mzima, bila majadiliano. Rimoti za kale sana za taa za kioo ziachwe kwa fundi anayezijua, kwa sababu ya volti zake.

Na mzee apewe kazi yake. Babu ambaye macho hayamruhusu kuona waya bado anajua kijiti kipi ni cha injini, kwa nini alifunga gundi pale, na ndege iliyumba vipi upepo ulipobadilika. Maelezo hayo hayamo kwenye kitabu chochote. Mtoto ayaandike kwenye daftari lilelile lenye namba za vijiti.

Kwenye nyumba yetu ya mfano, mama angefanya vyema kuchagua njia ya waya. Bati halitobolewi, bodi ya zamani inalala kwenye mfuko wake wenye lebo, betri zilizovuja zimekwenda panapohusika. Jumapili, mwalimu wa klabu anashika rimoti mpya, kidole kwenye kitufe. Binti anashika ya babu. Babu ameketi kwenye kiti cha kukunja, haioni ndege vizuri, lakini anaisikia.

Ndege ikianza kuzama kona ya kushoto, huenda yeye ndiye wa kwanza kusema: "Rudisha kidogo, usiivute." Naye mwalimu hatalazimika kuachia kitufe.